M4 sai2: Kusema "hakuna haja" kwa Kikantoni

Wanafunzi wangu wa Kikantoni, lugha inayosemwa Hong Kong, wakishaijua jiu3, yaani kuhitaji au kulazimika, huweka kikanushi m4 mbele yake wakidhani wamepata "si lazima". Kumbe m4 jiu3 ni "sitaki". Mjibu hivyo mwenyeji anayekuongezea chai uone atakavyokutazama. (Namba ni za toni, yaani mwendo wa sauti: ya 2 hupanda, ya 4 hushuka chini kabisa.)

Kinachotakiwa ni m4 sai2, 唔使. Sai2 kwa asili ni kutumia, na mpaka leo sai2 cin2 ni kutumia pesa. Lakini ikibeba maana ya haja, kwa kawaida hukaa kwenye ukanushi na maswali tu. Keshia wa Hong Kong atakuuliza, "Sai2 m4 sai2 gaau1 doi2 aa3?", unahitaji mfuko wa plastiki? Kama huhitaji, m4 sai2. Kama unauhitaji, usimrudishie sai2 yake, sema jiu3. Swali linakuja na kitenzi kimoja, "ndiyo" inatoka kwa kingine, na hapa hata waliosoma miaka huteleza. Mazoezi hayakosekani: mifuko hiyo ilianza kutozwa senti 50 mwaka 2009, na tangu mwisho wa 2022 ni angalau dola 1 ya Hong Kong.

Kuna pia m4 hou2, ya kukataza. M4 hou2 lai4 ni "usije". M4 sai2 lai4 ni "si lazima uje". Bosi akikutumia ya pili, uamuzi ni wako.

Mengine utayazoea njiani. M4 sai2 cin2 ni bure. M4 sai2 zaau2, kwa dereva wa teksi, ni kumwachia chenji. Anayeshukuriwa hujibu m4 sai2 haak3 hei3.

Ninayoipenda mimi ni sai2 mat1, isiyo na kikanushi ila inakanusha: "Sai2 mat1 man6?", ya nini kuuliza? Ina ukali kidogo, kwa hiyo usianze nayo kwa wakwe.

Kwenye simu wengi huandika 唔洗, kwa herufi ya kuosha, kwa kuwa matamshi ni yale yale. Matangazo rasmi hutumia 毋須, mou4 seoi1, ambayo sokoni hakuna anayeitamka.