Kebo ya IDE: Pini, Rangi na Jampa

Wanaoniletea diski kuu za kompyuta za mezani za zamani ili niokoe mafaili yao huwa wameshakata tamaa kwamba diski imekufa. Kabla sijakubali msiba huo, huanza na kebo, kwa sababu katika mfumo wa IDE, yaani njia ya zamani ya kuunganisha diski na kompyuta, kebo yenyewe huchangia kuamua diski ipi iwe ya kwanza na data isafiri kwa kasi gani.

Kiunganishi cha IDE kina nafasi 40 za pini katika safu mbili, lakini pini ya 20 kwa kawaida haipo, na tundu lake upande wa kebo huzibwa ili mtu asichomeke kinyume. Zipo kebo ambazo tundu hilo halikuzibwa, na hapo mstari mwekundu wa ukingoni ndio mwongozo: upande huo ni wa pini ya 1, ambayo kwenye diski nyingi hukaa jirani na tundu la umeme.

Kebo za awali zilikuwa na nyaya 40. Kasi ilipofika megabaiti 66 kwa sekunde, nyaya ziliongezwa zikawa 80 huku pini zikibaki 40 zilezile, jambo linalowachanganya wengi. Nyaya 40 za ziada zote ni za ardhi, yaani za volti sifuri zisizobeba data, zikiwa zimepangwa moja moja baina ya zile za awali ili mawimbi ya waya mmoja yasiuvurugie waya wa jirani. Ubao mama, yaani bodi kuu ya kompyuta, huitambua kebo hiyo kwa pini ya 34, ambayo katika kiunganishi cha bluu imeungwa na ardhi. Ukitumia kebo ya nyaya 40 diski itafanya kazi, ila haitavuka megabaiti 33 kwa sekunde, na mwenye kompyuta atailaumu diski bure. Pitisha ukucha juu ya kebo: ya nyaya 80 ina mifereji myembamba zaidi.

Katika kebo hiyo kiunganishi cha bluu ni cha ubao mama, cheusi cha mwisho ni cha masta, yaani diski ya kwanza, na cha kijivu katikati ni cha slevu, yaani ya pili. Rangi hizo huwa na nguvu pale tu jampa za diski zote mbili, yaani vijiplastiki vyenye chuma ndani vinavyounganisha pini mbili za diski, zinapowekwa kwenye mpangilio wa kuchaguliwa na kebo. Diski ikiona ardhi kwenye pini ya 28 hujihesabu kuwa masta. Isipoiona hujihesabu kuwa slevu, na kiunganishi cha kijivu kimekatiwa pini hiyo makusudi. Niliwahi kupokea kompyuta ambayo mwenyewe alikuwa ameongeza diski ya pili bila kugusa jampa, zote mbili zikawa masta, na hakuna hata moja iliyoonekana. Nilihamisha kijiplastiki kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, zikaonekana zote.

Diski ikiwa moja, iweke mwisho wa kebo. Ukiichomeka katikati, kipande kinachoning'inia hurudisha mawimbi kama mwangwi, na makosa ya kusoma hujitokeza bila mpangilio. Kwa sababu hiyohiyo urefu wa kebo umewekewa kikomo cha takriban sentimita 46.

Pini iliyopinda huinyoosha kwa ncha ya chuma ya penseli ya kubonyeza isiyo na risasi, nikiinua taratibu kwa mkupuo mmoja, kwani pini iliyokunjwa huku na huku hukatika.

Plagi ya umeme ina waya wa njano wa volti 12, mwekundu wa volti 5, na nyeusi mbili za ardhi. Pembe zake mbili zimechongwa kuzuia kugeuzwa, ila plagi iliyolegea inaweza kulazimishwa, na volti 12 zikiingia palipotakiwa 5, saketi za diski huungua.

SATA, mfumo uliochukua nafasi ya IDE na ulioanza kutumika mwaka 2003, iliondoa jampa na kuipa kila diski kebo yake ya pini 7 inayoweza kufika mita 1. Naipenda kwa hilo, lakini ulimi wake wa plastiki wenye umbo la L huvunjika kebo ikivutwa kwa pembeni, na ulimi uliovunjika haunyooshwi kwa penseli.