Kuingia Kazi ya Mjengo Ukiwa na Miaka 44: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Niliacha kazi ya mikopo katika sacco moja hapa Nairobi nikiwa na miaka 44, nikaanza kuwajengea watu nyumba zao, kila moja kwa mchoro wa mwenyewe. Tangu hapo hupigiwa simu na watu wa rika langu wanaotaka kufanya vivyo hivyo: mwalimu, nesi, mhasibu aliyepewa barua ya kupunguzwa kazini. Wengi wao wameshikilia mambo yasiyo ya kweli, na hilo linanitia hofu, kwa sababu makosa ya kazi hii hulipwa na mtu aliyeweka akiba miaka ishirini ili apate vyumba vitatu vya kulala.

Dhana: Ukishapita arobaini, mwili hauwezi mjengo.

Anayechukua kandarasi habebi karai la zege. Wapo mafundi na watu wa mkono. Kazi yangu ni kufika kabla ya lori, kuhesabu mifuko ya simenti, kupima nafasi kati ya chuma na chuma kabla zege halijamwagwa, na kusema "hapana" pale ambapo kila mtu anataka kwenda nyumbani.

Umri ulinifaa. Fundi mkuu wa nyumba yangu ya kwanza alinizidi miaka kumi, na wiki mbili za mwanzo alikuwa akiniamkia vizuri, "Habari ya asubuhi, madam," kisha maswali yote ya kazi anampelekea dereva wa lori. Wiki ya tatu nilirudisha lori zima la mchanga. Nilikuwa nimeutia kwenye chupa ya maji, nikatikisa, nikaiacha itulie. Tope lilitanda juu ya mchanga unene wa vidole viwili. Mchanga wa namna hiyo hauishiki simenti vizuri, na fundi alijua hivyo kuliko mimi. Kuanzia siku ile maswali yalianza kuja kwangu.

Dhana: Nilijijengea yangu Ruai, kwa hiyo naweza kumjengea mwingine.

Hii naisikia kuliko zote. Ukijijengea, ukuta ukipinda unaufunika kwa kabati. Ukimjengea mtu kwa malipo, sheria inakutambua kama mkandarasi. Sheria ya mwaka 2011 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo sote tunaiita NCA, inataka kampuni isajiliwe, na angalau mkurugenzi mmoja awe na ujuzi wa kiufundi unaokubalika. Kuna ngazi nane. Wengi wanaoanza huanzia chini, NCA 8, na kila ngazi ina kikomo cha thamani ya kazi unayoruhusiwa kuchukua, isipokuwa ile ya juu kabisa, NCA 1. Mradi wenyewe nao husajiliwa. Michoro hupitishwa na kaunti, ikiwa imetoka kwa msanifu na mhandisi waliosajiliwa.

Kwa hiyo si kweli kwamba lazima wewe mwenyewe uwe na digrii ya uhandisi, na pia si kweli kwamba ujuzi wa kiufundi unaweza kukosekana. Mimi niliingia na mhandisi kama mkurugenzi mwenzangu. Yeye hasogei kwenye daftari la pesa bila mimi, nami simwagi slabu, ile sakafu ya zege, bila yeye kupanda juu na kukagua vyuma.

Wapo wanaoona haya yote ni urasimu wa kuwanyonya wananchi. Mimi huwakumbusha mtaa wa Huruma hapa Nairobi, Aprili 2016, jengo la ghorofa sita lililoporomoka usiku wa mvua na kuua watu zaidi ya 40. Lilikuwa kando ya mto na halikuwa na idhini.

Na kibarua akianguka kutoka kwenye jukwaa? Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima. Mwajiri ni wewe.

Dhana: Msingi ni msingi, fundi anajua kina.

Fundi aliyezoea udongo mwekundu wa Kiambu atachimba Kitengela kama alivyochimba kwao, na miezi michache baadaye utaona ufa unapanda kutoka kona ya dirisha. Ule udongo mweusi wa Kitengela, Syokimau, Embakasi na South C, unaoganda kwenye viatu wakati wa mvua, hufura ukilowa na kunywea ukikauka. Kila msimu huinua nyumba kidogo na kuishusha, tena si pande zote kwa usawa. Ama unauchimba wote hadi upate kitu kigumu na kujaza mawe na maramu iliyoshindiliwa, ama mhandisi anachora msingi wa aina nyingine. Gharama hiyo huonekana tu mtu akichimba shimo la majaribio kabla ya kutaja bei. Ukitaja bei kwanza, tofauti utailipa wewe.

Dhana: Zege likikauka limeiva.

Kinyume chake. Simenti hukomaa kwa kunywa maji, na zege linalokauka haraka kwenye jua la Januari hubaki dhaifu. Mwagilia angalau siku saba. Nguvu yake hupimwa siku ya 28.

Dhana: Faida ni kubwa, na malipo ya kwanza ya mteja ndiyo mtaji wako.

Hapa ndipo watu wazima wenye akili zao huangamia, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Chukua nyumba ambayo vifaa na mafundi vinagharimu milioni 6. Umeongeza asilimia 15, yaani shilingi 900,000, na kazi inachukua miezi minane. Hiyo ni 112,500 kwa mwezi. Mteja akishikilia asilimia 5 ya mkataba wa milioni 6.9 hadi muda wa marekebisho uishe, kwa kawaida miezi sita baada ya kukabidhi, 345,000 haiko mfukoni mwako. Umebaki na karibu 69,000 kwa mwezi, na bado hujatia mafuta kwenye gari wala hujabomoa ukuta mmoja uliokosewa.

Mtu akiona hivyo hutafuta mteja wa pili. Malipo ya kwanza ya huyo wa pili yanaingia, na nyumba ya kwanza inasubiri mabati. Nilifanya hivyo. Nilikuwa nimetumia miaka 18 nikikataa mikopo ya watu waliochanganya pesa za biashara na karo, na bado nikanunua mabati ya mama mmoja wa Ngong kwa pesa za msingi wa mzee wa Juja. Nilijiambia ni wiki mbili tu. Mvua za Machi zilianza, mama yule akachelewa kulipa, na yule mzee akakuta mtaro wake umejaa maji na hakuna hata jiwe moja. Hakunipigia kelele. Aliniuliza, "Mama, pesa zangu ziko wapi?" Nilichukua mkopo kwa jina langu, nikanunua mawe. Ulinichukua miezi kumi na minne kuulipa.

Siku hizi kila nyumba ina akaunti yake benki, na kila Ijumaa mteja anapokea ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotoka, picha za risiti. Mteja aliye ng'ambo huuhitaji ukurasa huo zaidi, maana hawezi kuja kuhesabu mawe.

Dhana: Acha kazi kwanza, ndipo uingie.

Anayenipigia simu namwambia asiandike barua ya kujiuzulu. Aje Jumamosi, saa moja asubuhi, na buti na daftari. Wengine huja mara moja tu. Mhasibu mmoja alikuja Jumamosi kumi na moja mfululizo, akanawa mikono, akaniambia kandarasi si yake. Ndiye anayetengeneza zile kurasa za Ijumaa.