Je, dhambi ya babu inarithiwa hadi kizazi cha nne?

Kwa miaka mingi ningekujibu ndiyo, tena bila kusita. Mstari nilikuwa nao kichwani na ushahidi nilikuwa nao kwenye karatasi. Karatasi yenyewe ilikuwa fomu ya kurasa mbili niliyopewa kwenye semina ya maombi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mti wa ukoo wenye nafasi za majina, na wa pili visanduku vya kuwekea alama ya vema: ulevi, uzinzi, uchawi, talaka, madeni, utasa, kufa mapema. Kila mmoja alitakiwa ajaze hadi kizazi cha nne, kisha aombewe kisanduku kimoja baada ya kingine. Nilijaza kwa bidii ya mtahiniwa. Nilipofika kwa wazazi wa babu zangu majina yakaniishia, nikaandika "hajulikani", halafu huyo asiyejulikana nikamwekea alama kwenye ulevi, kwa tahadhari tu.

Hakuna aliyetukumbusha hesabu ndogo. Wazazi ni 2, babu na bibi 4, wazazi wao 8, na wazazi wa hao 16. Jumla watu 30. Ukoo wenye watu 30 mfululizo bila mlevi, mzinzi wala mdaiwa hata mmoja ungefaa kuwekwa makumbusho. Fomu ya namna ile haiwezi kumkosa mtu, na kipimo kisichoweza kumkosa mtu hakijapima chochote.

Mstari wenyewe uko katika Amri Kumi, Kutoka 20:5: "nawapatiliza wana maovu ya baba zao, hata kizazi cha tatu na cha nne cha wanichukiao." Mimi nilikuwa nausoma na kukatia kwenye "cha nne". Neno la mwisho, "wanichukiao", nililimeza kama mtu anavyomeza mbegu ya chungwa. Na sentensi haijafika mwisho hapo, kwa sababu mstari wa 6 unaendelea kwa kusema kwamba Mungu huwarehemu "maelfu elfu" wampendao. Kumbukumbu la Torati 7:9 inataja vizazi elfu. Ukikadiria kizazi kimoja kuwa miaka 25, adhabu inakwenda miaka 100 na rehema inakwenda miaka 25,000. Bila shaka mwandishi hakukusudia tutoe kikokotoo. Alikuwa anaonyesha tofauti ya ukubwa, na sisi tukachukua upande mdogo tukautengenezea fomu.

Kuna jambo jingine ambalo Kiswahili kinalionyesha vizuri kuliko lugha nyingi. Kiebrania cha mstari huo hakina neno "kizazi". Kinasema tu "wa tatu" na "wa nne", kama majina ya ndugu. Sisi tunayo majina hayo: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe. Wasomi hawakubaliani kama hesabu inaanzia kwa baba mwenyewe au kwa mwanawe, yaani kama "wa nne" ni kitukuu au ni kilembwe. Vyovyote iwavyo, hao ndio watu ambao mzee mmoja aliyejaliwa umri anaweza kuwaona kwa macho yake. Ayubu, baada ya mateso yake, aliona wanawe na wana wa wanawe hata vizazi vinne (Ayubu 42:16), na hiyo ilihesabiwa kuwa baraka. Ndiyo maana wafafanuzi wengi huusoma mstari huu kama picha ya nyumba moja kubwa chini ya mzee mmoja. Akiharibika yeye, wote walio chini yake wanaguswa. Haisemi kwamba kosa la mtu aliyekufa kitambo litamvizia mtu asiyelijua hata jina lake.

Sasa tuje kwenye kitenzi, maana kosa langu lilijificha humo. "Kupatiliza" ni kumwadhibu mtu kwa kosa, na ukilisikia neno hilo unaona fimbo. Kitenzi cha Kiebrania, pakad, ni kipana zaidi: kukagua, kuhesabu watu, kuwajia watu ili kushughulikia jambo lao. Ndicho kinachotumika askari wanapohesabiwa, na ndicho kinachotumika Mungu anapomjia Sara apate mtoto. Kwa hiyo mbele ya fimbo yupo mkaguzi.

Mfikirie basi mhazini wa kikundi. Mhazini wa kwanza alikula fedha za watu, na ili hesabu zikae sawa akaandika daftarini kwamba mjane fulani, mwanachama, ana deni. Mjane hakukopa chochote. Mhazini akafa. Akaja wa pili, akakuta deni, akalihamishia ukurasa mpya. Wa tatu hivyo hivyo. Kila mwezi mjane anakatwa. Siku moja, zamu ikiwa ya mhazini wa nne, mkaguzi anafungua daftari.

Hatamuuliza, "Kwa nini uliiba?" Anajua kwamba siku ya wizi huyu hakuwa hata mwanachama. Ataweka kidole kwenye mstari na kuuliza: "Deni hili ni la nini, na kwa nini umelihamishia ukurasa wako?" Mhazini anaweza kujibu kwamba hakujua, tulifute, mjane arudishiwe chake. Anaweza pia kukaa kimya kwa sababu makato yale yanaupa mfuko afya. Akichagua ukimya, kosa limekuwa lake, kwa mwandiko wake mwenyewe. Na kuna jambo la tatu: huenda kikundi kimeshafilisika kwa ule wizi wa kwanza, na mhazini wa nne anakaa na kasha tupu bila kosa lolote. Huyo amerithi hasara. Hatia hajairithi. Kwenye fomu yangu hasara na hatia zilikuwa kisanduku kimoja.

Marabi, walimu wa dini wa Kiyahudi, waliliona hili mapema. Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho yao, inasema wana hupatilizwa wanaposhika matendo ya baba zao mikononi mwao. Kushika mikononi: ndilo daftari letu.

Biblia yenyewe ina kisa kinachoonyesha jambo hili kwa karibu kuliko mfano wowote wa kutunga. Mfalme Ahabu alitamani shamba la mizabibu la Nabothi, jirani yake huko Yezreeli. Malkia Yezebeli akapanga mashahidi wa uongo, Nabothi akapigwa mawe, shamba likachukuliwa (1 Wafalme 21). Nabii Eliya alipotangaza hukumu, Ahabu alivaa gunia, akafunga, akaenda kwa upole. Mungu akasema mabaya hayatakuja siku zake, bali siku za mwanawe. Niliposoma hapo zamani nilinung'unika: toba ya baba inageukaje kuwa ankara ya mtoto? Soma tena orodha ya toba yake. Gunia limo, kufunga kumo, upole umo. Shamba halitajwi.

Ahabu akafa vitani. Akatawala mwanawe Ahazia, kisha mwanawe mwingine, Yoramu, ambaye alikaa miaka 12. Ndipo jemadari Yehu akaja mbio na gari lake kuipindua nyumba hiyo, na Yoramu akatoka kumlaki. Wakakutana wapi? Kwenye kiwanja cha Nabothi (2 Wafalme 9:21). Maandiko hayasemi waziwazi kwamba jamaa ya mfalme walikuwa bado wanalimiliki, na mstari wa 26 unadokeza kwamba hata wana wa Nabothi waliuawa, kwa hiyo huenda hakukuwa na wa kurudishiwa. Lakini msimulizi hakutaja kiwanja hicho kwa bahati. Yoramu hakumuua Nabothi, ila alisimama kwenye shamba lake.

Halafu mambo yanazidi kuwa ya ajabu. Yehu huyo huyo aliahidiwa kwamba wanawe watakaa kwenye kiti cha enzi hata kizazi cha nne (2 Wafalme 10:30). Ni hesabu ile ile, safari hii imekuja kama zawadi. Na ilitimia: Yehoahazi, Yoashi, Yeroboamu wa pili, Zekaria. Huyo wa mwisho, kilembwe kamili, alitawala miezi 6 akauawa mbele ya watu. Jina lake kwa Kiebrania maana yake ni "Bwana amekumbuka".

Alikosa nini Zekaria? Kitabu kinasema hakuziacha dhambi za Yeroboamu mwana wa Nebati, yule mfalme wa kwanza wa kaskazini aliyesimamisha ndama za dhahabu Betheli na Dani. Angalia basi: Yeroboamu mwana wa Nebati hakuwa babu yake. Ukoo wa mtu huyo uliuawa wote na Baasha, wa Baasha ukamalizwa na Zimri, nyumba ya Omri, baba yake Ahabu, ikaja na kufagiliwa na Yehu. Koo zinabadilika kwa upanga, damu haihusiani, na bado dhambi ile ile inatajwa kwa karibu kila mfalme. Hata Zimri, aliyetawala siku 7 tu, ameandikiwa kwamba aliiendea njia ya Yeroboamu. Sijui mtu anapata wapi muda huo. Dhambi inayosemwa kurithiwa kuliko zote katika Agano la Kale haikupita kwenye damu hata kidogo. Ilipita kwenye kiti.

Waashuri nao walituachia kichekesho kuhusu jambo hili. Kwenye nguzo nyeusi ya mfalme Shalmaneser III, iliyofukuliwa Nimrud mwaka 1846 na sasa iko British Museum, Yehu anatajwa akileta ushuru, tukio ambalo huwekwa mwaka 841 KK. Wasomi wengi wanalisoma jina lake hapo kama "Yehu mwana wa Omri". Yaani mtu aliyeifuta nyumba ya Omri anaitwa mtoto wa Omri! Yaelekea ilikuwa tu namna ya kusema "mtawala wa nchi ya Omri", kwa hiyo tusilijengee hema.

Karne mbili na ushee baadaye, nabii Ezekieli akiwa uhamishoni Babeli aliwakuta watu wakijifariji kwa mithali: baba wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi. Aliikataa kwa sura nzima, ya 18. Anamleta baba mwema, mwana jambazi, na mjukuu "aonaye" dhambi zote za baba yake asizifanye. Mjukuu huyo ataishi. Hakuna sherehe ya kukata mnyororo, ameona, akaacha. Rabi mmoja katika Talmudi alithubutu kusema kwamba Musa alitoa amri hii na Ezekieli akaja kuitangua.

Nisikudanganye kwamba kila kitu kinakaa sawa. Watoto wa Akani waliangamia pamoja na baba yao (Yoshua 7). Wazao saba wa Sauli walitolewa wauawe kwa damu aliyoimwaga yeye (2 Samweli 21). Na Yuda ilianguka, kitabu kinasema, kwa ajili ya dhambi za Manase, ingawa mjukuu wake Yosia alikuwa amesafisha nchi. Mfano wa mhazini haufiki huko, na Torati yenyewe inaonekana kubishana na visa hivyo iliposema watoto wasiuawe kwa ajili ya baba zao (Kumbukumbu la Torati 24:16).

Dhambi ya asili ni habari nyingine, ya Adamu na wanadamu wote, na Wakristo wa Mashariki na Magharibi huieleza tofauti. Inatosha kusema kwamba hata katekisimu ya Kanisa Katoliki inasema mtoto huipokea bila kuitenda.

Siku hizi sayansi nayo huitwa shahidi. Mwaka 2015 ulitoka utafiti uliotazama alama za kikemia kwenye jeni moja la mfumo wa msongo kwa manusura 32 wa mauaji ya Wayahudi na watoto wao 22. Zilionekana tofauti kwa wazazi na kwa watoto pia. Idadi ni ndogo, na haithibitishi kwamba alama hizo zilirithiwa. Lakini hata tukikubali yote, tazama ni nani waliopimwa. Walikuwa wametendewa. Ukiita hilo "dhambi ya kizazi" umembebesha hatia aliyeumizwa, kama wanafunzi waliomuuliza Yesu kuhusu kipofu: ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake? Jibu lilikuwa: si huyu wala wazazi wake.

Na msamaha? Maaskofu Wakatoliki wa Poland walipiga marufuku misa za kuponya dhambi za vizazi mwaka 2015, na wale wa Hispania wakatoa onyo lao mwaka 2024: dhambi ni ya mtu, na ubatizo unaondoa zote. Wahubiri wanaofundisha kuvunja laana za ukoo hujibu kwamba wao hawasemi habari ya hatia, wanasema habari ya mlango ulioachwa wazi, na huonyesha Nehemia 9:2, ambapo watu waliungama dhambi zao na maovu ya baba zao. Ni kweli waliungama. Lakini mpangilio wa maneno unavutia: zao kwanza, za baba zao baadaye, kama mtu anayesoma daftari kuanzia ukurasa wa leo kurudi nyuma. Petro naye anataja kilichopokewa kwa baba kuwa ni "mwenendo" (1 Petro 1:18), na mwenendo ni kitu ambacho mtu anaweza kukiacha. Zakayo hakuombewa mti wa ukoo. Alisema atamrudishia mara nne kila aliyemdhulumu, ndipo akaambiwa kwamba wokovu umefika nyumbani mwake.

Ile fomu bado ninayo, imekunjwa ndani ya Biblia. Juzi niliipitia tena kutoka kisanduku cha kwanza hadi cha mwisho. Hakuna kinachouliza kama nyumbani kwetu kuna shamba la mtu.