Kimeng'enya cha COX-2 na Saratani ya Tumbo: Yanayosemwa na Yalivyo

Dhana: "Tumbo kuwaka ni mawazo na pilipili tu."

Chanzo kimoja kikubwa ni bakteria, Helicobacter pylori. Madaktari Barry Marshall na Robin Warren walimwotesha maabara mjini Perth, Australia, mwaka 1982, na ugunduzi huo ukawapa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilimweka katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu.

Bakteria huyu hukaa kwenye ute wa tumbo miaka na miaka, na mwili hupigana naye muda wote huo. Mapigano hayo ndiyo mcharuko, na humo ndimo kinapoingia kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini) kiitwacho COX-2. Katika tumbo lenye afya hakionekani sana. Mcharuko ukianza, seli hukitengeneza kwa wingi, nacho huchukua mafuta ya utando wa seli na kuanza kuyageuza kuwa prostaglandini, kemikali zinazopeleka ujumbe kwa seli. Mojawapo, prostaglandini E2, huzihimiza seli kugawanyika, huzizuia zilizoharibika zisife, huita mishipa mipya ya damu na kuzilegeza askari za kinga. Uvimbe hauhitaji malezi bora zaidi ya hayo.

Dhana: "Basi COX-2 peke yake huleta saratani."

Hapana. Masanobu Oshima na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kanazawa, Japani, walitengeneza panya ambao matumbo yao yalizalisha prostaglandini E2 kupita kiasi. Walipata mcharuko na ukuta mnene. Panya wengine walitiwa hitilafu katika njia ya mawasiliano ya seli iitwayo Wnt, inayoongoza ukuaji wake. Hao walipata vidoa vidogo tu. Mambo hayo mawili yalipokutana ndani ya panya mmoja, uvimbe halisi ulikua. Kwangu mimi jaribio hili linaeleza kwa nini walio wengi wenye bakteria huyu hawapati saratani kamwe: mcharuko ni kuni, lakini cheche, yaani hitilafu ndani ya seli, nayo lazima iwepo.

Dhana: "Kimeng'enya hiki ni sumu."

COX-2 hiyohiyo husaidia kidonda cha tumbo kupona.

Dhana: "Aspirini huzuia COX, basi niimeze kila siku nijikinge."

Hili linanitia hofu kuliko yote, kwa sababu aspirini na diklofenaki hununuliwa dukani kama peremende. Ni kweli zinazuia COX. Mwanasayansi Mwingereza John Vane alieleza kazi hiyo ya aspirini mwaka 1971. Lakini zinazuia pia COX-1, ndugu yake anayelinda ute wa tumbo, na ndiyo maana huchubua na kuvujisha damu. Dawa zilizolenga COX-2 peke yake nazo zilileta madhara ya moyo: rofecoxib iliondolewa sokoni mwaka 2004.

Njia salama zaidi ni kumwondoa bakteria mwenyewe, anayeuchochea mcharuko. Pima choo au pumzi, na ukikutwa naye, maliza dozi yote ya antibiotiki na dawa ya kupunguza asidi, hata kama maumivu yameisha siku ya nne. Kama ukuta wa tumbo umeshaanza kubadilika, hatari hupungua lakini haiishi, kwa hiyo daktari ataendelea kukufuatilia kwa kamera. Na ukiona choo cheusi kama lami, unakonda bila sababu au unatapika damu, usisubiri dozi yoyote. Nenda hospitali leo.