Mnyororo wa chakula: nani anamlisha sangara?

Chota maji ya Ziwa Victoria kwenye glasi pale mwaloni Kirumba, Mwanza, uyainue juani. Ule ukijani unaoelea humo si magugu maji. Ni mwani: vijimea vidogo mno, havina mizizi wala majani, vinajipikia chakula kwa mwanga wa jua. Mtu wa Zanzibar akisikia mwani anawaza ule wa kufungwa kwenye kamba. Wa kwetu huwezi hata kuushika.

Mnyororo wa chakula ni habari ya nani anamla nani, kuanzia hapo. Mwani unaliwa na vijidudu vya maji, vijidudu vinaliwa na dagaa, dagaa analiwa na sangara, sangara unamla wewe. Darasani tuliuchora kwa mishale, na wengi tuliikosea. Mshale hauelekei kwa anayeliwa, unaelekea kwa mlaji, maana unaonyesha nguvu inakokwenda.

Nguvu yenyewe hupungua njiani. Kwa makadirio, kila hatua inavuka sehemu 1 tu kati ya 10; iliyobaki imeishia kwenye kuogelea, kupumua na kinyesi. Kwa hiyo nyuma ya kilo 1 ya sangara kuna kama kilo 10 za dagaa, nyuma ya hao kilo 100 za vijidudu, na nyuma ya hivyo kilo 1,000 za mwani. Mimi nikila dagaa najiona nimekula karibu na shina.

Kiungo kimoja kikitoka, maumivu hujitokeza kwingine kabisa. Kwenye bahari za baridi, kama pwani ya California, kuna mwani mkubwa uitwao kelpu, unaoweza kurefuka nusu mita kwa siku hadi ukawa msitu chini ya maji. Fisi maji wa huko walipowindwa kwa ajili ya manyoya, viumbe wa miiba waliokuwa chakula chao walizaana wakautafuna msitu.

Kwetu sangara aliletwa miaka ya 1950 na 1960, akafurika miaka ya 1980. Furu, samaki wadogo wa ziwani wa mamia ya aina, baadhi yao walaji wa mwani, wakatoweka kwa wingi. Mwani ukazidi, ukisaidiwa na mbolea na maji taka yanayotiririkia ziwani. Ukioza chini, unamaliza hewa ya samaki. Naye sangara, furu walipoadimika, akageukia uduvi, dagaa, na watoto wake mwenyewe. Mshale huo ungeuchora kutoka sangara kwenda sangara, na mwalimu angekupa vema.