Mpira kichwani, miaka kumi baadaye

Siku ya kumruhusu mtoto aliyejaa maji kichwani arudi nyumbani, mzazi huniuliza: "Daktari, sasa amepona?" Ameshaona utosi umelegea, mtoto ananyonya vizuri, anataka nimwambie ndiyo. Siwezi. Mpira mwembamba tuliomwekea kichwani hauondoi kilichoziba njia ya maji hayo. Unayapitisha maji ya ubongo njia nyingine, chini ya ngozi ya shingo na kifua hadi tumboni, mwili ukayafyonza huko. Njia hiyo nayo ikiziba, tumerudi pale pale.

Na huziba. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, wa hospitali za Amerika ya Kaskazini na Ulaya, watoto wapatao 4 kati ya 10 walipata hitilafu ya mpira ndani ya mwaka mmoja. Hospitali hizo zina vifaa tele! Maambukizi hutokea zaidi miezi ya mwanzo. Baadaye mpira huziba, hukatika, au mtoto hurefuka ukabaki mfupi.

Nilipokea mvulana wa miaka 11, aliyewekewa mpira akiwa mchanga. Wiki tatu mfululizo aliamka kichwa kinamuuma, akatapika, mchana akapata nafuu. Alikuwa ametibiwa malaria mara mbili. Kwenye daftari lake mwalimu aliandika, "Anasinzia, mvivu." Nikapapasa nyuma ya sikio, nikaufuata ule mpira shingoni kwa vidole, na juu kidogo ya mtulinga vidole vikakosa kitu. Eksirei ikaonyesha umekatika. Tulimbadilishia usiku uleule. Uvivu uliisha, lakini macho hayakurudi yote. Presha ya maji kichwani ilikuwa imeshaumiza mishipa ya kuonea. Sasa anakaa dawati la mbele.

Kuhusu akili, chanzo kina uzito mkubwa. Maji yakijaa baada ya maambukizi ya uchangani, mara nyingi ubongo umeshaumia kabla hatujamwona mtoto. Mbale, Uganda, walilinganisha mpira na njia ya kutoboa tundu ndani ya ubongo kwa kamera, maji yapite hapo bila kuacha kifaa mwilini. Matokeo ya 2017 yalionyesha kwamba baada ya mwaka, uwezo wa akili wa makundi yote mawili haukutofautiana sana. Tundu nalo huweza kujifunga, ila hakuna mpira wa kukatika, na kwa familia inayokaa mbali na hospitali, mimi huanza na hilo inapowezekana.

Wenye mpira ninawaandikia juu ya kadi ya kliniki, kwa kalamu nyekundu: "Ana mpira kichwani. Akiumwa kichwa na kutapika, apelekwe kwa daktari wa ubongo siku hiyohiyo, hata kipimo cha malaria kikisoma chanya."