Rangi peke yake haielekezi mtu

Malalamiko yanayotufikia yanafanana. Mgonjwa ameambiwa "fuata mstari wa kijani" hadi dirisha la dawa, akafuata wa kahawia, akatokea maabara. Hakuzembea. Mwenye upofu wa rangi wa aina ya nyekundu na kijani, ndio ulio mwingi, huiona mistari hiyo kama ya rangi moja.

Na si kwamba anaona dunia nyeusi na nyeupe. Hali hiyo ipo ila ni nadra mno. Wengi wamezaliwa hivyo, na kwa kuwa kasoro iko kwenye kromosomu ya X, kibeba urithi ambacho mwanamume anacho kimoja tu, wanaume ndio wengi. Karoti haziponyi. Miwani ya rangi pia haiponyi, hata muuzaji aape.

Kupima tunatumia kadi za Ishihara, zenye tarakimu iliyofichwa kati ya vitone vya rangi, zilizotolewa mara ya kwanza 1917. Kadi hushikwa sentimita 75 kutoka machoni, kwenye mwanga wa mchana, na jibu litoke ndani ya sekunde 3. Usiiguse kwa kidole, jasho huchujua rangi. Asiyejua tarakimu hufuatisha njia iliyochorwa, kwa brashi kavu. Majibu ya kipimo kilichofanywa kwenye simu hatuyapokei: kila kioo kina rangi zake. Ila rangi zikianza kupauka ukubwani, njoo kliniki upesi. Anayetumia ethambutol, dawa ya kifua kikuu inayoweza kudhuru uoni, akiona hivyo aarifu kliniki siku hiyo hiyo, asijikatizie dawa.

Tuje kwa wachoraji vibao. Meli ikiingia bandari ya Kilindini, Mombasa, boya jekundu la kushoto lina umbo la mkebe, la kijani kulia lina umbo la koni. Waya wa ardhi wa umeme una milia ya kijani na manjano. Waliopanga hayo walijua rangi inahitaji mwenzake. Basi toa fotokopi nyeusi na nyeupe ya tangazo lako. Ujumbe ukipotea, rudia. Maandishi ya kawaida kwenye tovuti yazidiane mwangaza na usuli angalau 4.5 kwa 1, makubwa 3 kwa 1. Nyekundu juu ya nyeusi iacheni kabisa, kuna wanaoiona nyekundu kama giza.

Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya inawapa watu wenye ulemavu haki ya kufikia habari. Hatusemi kila mwenye upofu wa rangi anahesabiwa humo. Hilo ni la wanasheria. Sakafu haingoji wanasheria: kwenye mstari wa kijani pigeni chapa ya neno DAWA na mshale kila baada ya mita 3, na kila kona.